Somo la Meli: Maneno Niliyosema Kwenye Mkutano Wetu



Niliombwa niseme juu ya kazi za serikalini. Mtanisamehe. Nitasema juu ya kipindi kimoja cha hesabu cha mwaka 1996.

Jioni ya tarehe 20 Mei mwaka huo, M.V. Bukoba iling'oa nanga hapa Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua abiria wengine na ndizi, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Ilistahili kuchukua abiria 430. Waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 800, lakini idadi kamili haikupatikana, maana abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Wakulima, wachuuzi, kina mama wenye mikungu yao: hao ndio hawakuandikwa popote.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Tuliporudi darasani, mwalimu mmoja, naye alikuwa mtu mwema, aliandika ubaoni: meli ya abiria 430 imechukua watu kadhaa zaidi, tafuta asilimia ya ziada. Alitaka tuone ubaya wa kujaza chombo kupita kiasi. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa kijana wa Muleba. Mama yake alipandia Kemondo. Alikokotoa, akapata jibu sahihi, akafunga daftari, akatoka. Muhula uliisha hajarudi. Mwalimu hakuwa ameuliza nani kafiwa. Nami nilijua, nikanyamaza.

Mwalimu wa fizikia alifanya vingine. Alingoja wiki kadhaa. Usiku mmoja alipita bwenini, akawaambia waliofiwa kesho atafundisha nini, na asiyetaka ana ruhusa ya kukaa maktaba. Kesho yake alileta beseni la maji na kopo. Akatia mawe chini ya kopo, likaelea wima. Akayahamishia juu, kwenye kibao, likalala ubavu. Meli hakuitaja. Mmoja wa wale wafiwa, ambaye alikuwa amechagua kubaki, akanyosha mkono: "Mwalimu, ingeweza kuzuiwa?"

Mwalimu akaweka chaki chini. "Ndiyo," akasema. Hakuficha kitu, wala hakumsingizia Mungu.

Nawasemea walimu wa leo, kwa sababu tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani hapa, kando ya uwanja wa ndege, na kati ya watu 43 wakafa 19. Baadhi ya vijana hawa walikuwa shule ya msingi na picha zake waliziona kwenye simu kabla mtu mzima hajawaeleza lolote. Msidhani hawajui. Wanajua vipande vipande, na vipande ndivyo vinavyowanyima usingizi.

Yule mwenzangu wa dawati nilikutana naye Muleba mwaka jana. Mwanawe sasa yuko hapa, kidato cha pili. Alinituma kwa mwalimu wa historia: siku ya somo la meli ikikaribia apelekewe habari nyumbani mapema. Atakuja mwenyewe, na picha ya mama yake.