Digrii za Joto si Sawa Kila Mahali



Nyapara akiwaambia, "Leo ni digrii 32 tu, Lodwar hufika 37 na watu wanafanya kazi," hesabu yake yaweza kuwa sawa, lakini jambo lenyewe hakulifahamu.

Mwili una joto la digrii 37 hivi. Kazi ngumu huuzidishia, na jasho likikauka juu ya ngozi ndipo hupoa. Lodwar hewa ni kavu, jasho hukauka upesi. Mombasa, ndani ya tumbo la meli, hewa ina unyevu wala hakuna upepo. Jasho latiririka bure na joto labaki mwilini. Mwili ukifika digrii 40, mtu husema ovyo na kuyumba kama mlevi (wengine humcheka!). Huyo apelekwe kivulini upesi, amwagiwe maji, apepewe, na daktari aitwe.

Basi tukizungumza na wakubwa habari za maji na mapumziko, tudai vipimajoto viwili, kimoja kifungwe kitambaa kibichi. Vikionyesha digrii karibu sawa, jasho halikauki, na kazi ipunguzwe.