Karatasi ya Damu na Tezi ya Shingo

(Mazungumzo ya wahamasishaji wa afya, Kibagabaga, Kigali, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani)



Tunashukuru kupewa nafasi ya kusema nanyi hapa Kibagabaga, karibu na hospitali ya wilaya ya Gasabo, katika kuadhimisha tarehe 20 Juni. Tumechagua jambo linalozisumbua familia nyingi zilizotoka Kivu. Mtu anapimwa damu kwa sababu ya tezi ya shingo, anarudi na karatasi iliyoandikwa TSH na T4, na nyumbani hakuna anayejua inasema nini. Wengine huogopa bure. Wengine huiweka chini ya godoro, na ugonjwa unaendelea.

Tezi hii huitwa thairoidi. Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Hutengeneza homoni zinazoitwa T4 na T3, ambazo huongoza mapigo ya moyo, joto la mwili, choo, hedhi, na kukua kwa ubongo wa mtoto. Ili ifanye kazi inahitaji iodini, ambayo wengi wetu tunaipata katika chumvi. Ikiikosa kwa muda mrefu, huvimba; ndilo rovu, ambalo wengine huliita goita.

Kwetu ugonjwa huu si mgeni. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti waliwapima watu wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu. Walikuta iodini ni haba kisiwa kizima, lakini marovu yalikuwa mengi zaidi upande wa kaskazini. Maelezo yao yaliangukia kwenye mihogo: muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo.

Chumvi yenye iodini ilipoenea katika miaka ya 1990, ilileta faida kubwa. Lakini mwaka 1996 madaktari waliandika habari za wagonjwa wa Kivu ambao tezi zao, baada ya kuzoea njaa ya iodini, zilianza kutoa homoni kupita kiasi. Chumvi hiyo si mbaya, tuendelee kuila. Tunachotaka kusema ni kwamba majirani wawili wenye shingo zilizovimba sawasawa wanaweza kuwa na magonjwa yanayopingana. Kwa macho huwezi kuamua. Lazima damu ipimwe.

Sasa tuisome karatasi. TSH haitoki shingoni. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kama ya kapita shambani. Wafanyakazi wakilegea, kapita hupaza sauti. Wakizidisha kazi, hunyamaza. Ndiyo maana namba hii huwachanganya watu: TSH ikipanda, mara nyingi maana yake ni kwamba tezi ya shingo imelegea.

TSH ikiwa juu na T4 ikiwa chini, homoni hazitoshi. Mgonjwa huchoka, husikia baridi wenzake wakiona joto, hufunga choo, ngozi hukauka, uso hujaa, uzito huongezeka, na hedhi huweza kuwa nzito.

TSH ikiwa chini na T4 au T3 ikiwa juu, homoni zimezidi. Moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi hupotea, na mtu hukonda ingawa anakula. Wengine macho hutokeza. Kambini dalili hizi huitwa mawazo au kiwewe cha vita, na kweli hufanana. Kwa hiyo tunawaomba wahudumu wasiache kuishika shingo na kuhesabu mapigo ya moyo.

TSH ikiwa juu kidogo na T4 ikiwa sawa, mara nyingi daktari hurudia kipimo baada ya wiki au miezi kadhaa kabla ya kuamua. Zote mbili zikiwa chini, huenda shida iko kwenye ile tezi ya chini ya ubongo, au mwili umedhoofishwa na ugonjwa mwingine mkali.

Viwango hutofautiana kwa maabara. TSH ya mtu mzima kwa kawaida huwa karibu kati ya 0.4 na 4, lakini linganisha na viwango vilivyochapwa kwenye karatasi yako, si ya jirani. Mjamzito ana viwango vyake. Aseme mapema kwamba ana mimba. Pia mwambie daktari dawa zote unazotumia, hata vidonge vya vitamini, kwa maana vingine huharibu kipimo.

Kuhusu dawa, tunasisitiza mambo matatu. La kwanza, usimgawie jirani vidonge vyako. Dawa ya kuongeza homoni ikimezwa na mtu ambaye homoni zake zimezidi inaweza kumdhuru moyo. La pili, usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo inatokana na dawa. Ile ya kuongeza homoni humezwa asubuhi kabla ya kula, ikiachana kwa saa nne na vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito, na kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. La tatu, anayetumia dawa ya kupunguza homoni, kama carbimazole, akipata homa na koo kuuma, aende kliniki siku hiyohiyo.

Akina mama, hapa ndipo penye uzito. Mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo, hutegemea homoni za mama yake ili ubongo wake ujengeke. Kilichopotea wakati huo ni vigumu kukirudisha. Mama mwenye rovu, au anayetumia dawa ya tezi, aende kliniki mara tu anapojua ana mimba.

Nanyi ndugu wa mashirika, tunaomba mgonjwa asitoke na namba tupu. Andikeni kwenye kadi yake maneno matatu tu: imelegea, imezidi, au irudiwe, na tarehe ya kurudi. Mtu anapohamishwa kambi au kwenda nchi nyingine, apewe nakala ya karatasi na dawa za kutosha safari. Sisi wakimbizi tumezoea kulinda karatasi zetu. Na hii ya damu tuiweke pamoja na kitambulisho.

Mwenye swali asione haya, tupo.