"Hill" na Visawe Vyake katika Darasa la Burundi



Neno nililochagua ni dogo, na mwanafunzi hukutana nalo mapema: "hill". Kamusi humpa jibu la haraka, kilima, kisha humwongezea visawe: "mount", "mound", "ridge", "slope". Anaviandika vyote daftarini, anavikariri, na siku ya mtihani anavichanganya. Ninachodai ni kwamba visawe hivyo havibadilishani nafasi, na kwamba kwa mtoto wa Burundi neno lenyewe lina maana ambayo Mwingereza hakuiweka humo: anwani.

Kwanza ukubwa. "Hill" ni fupi kuliko "mountain", lakini mpaka uko wapi? Uingereza wengi hutumia futi 2,000, yaani kama mita 610 juu ya usawa wa bahari. Tukikichukua kipimo hicho, Burundi takriban yote ni mlima, hata uwanja wa mpira wa Gitega. Macho ya watu hupima vingine: hutazama ardhi inavyoinuka kutoka bondeni. Wala sisi tusijisifu kwa usahihi, maana mlima mrefu kuliko yote Afrika, wenye mita 5,895, jina lake linaanza na kilima.

"Mount" hupenda kuandamana na jina: Mount Heha. "Mound" ni kichuguu, tuta au rundo la udongo. "Ridge" ni mgongo wa mlima. "Slope" ni ubavu wake, na hapa mwalimu asipite haraka. Mkulima anayechimba mitaro ili mvua isimchukulie udongo anahangaika na "slope". Kilele kinaweza kuwa na mikaratusi tu; migomba, maharage na nyumba yake viko ubavuni.

Halafu kuna vihusishi. Kiswahili kina mlimani, basi, kiambishi kimoja kinatosha. Kiingereza kinamlazimisha mtoto achague: "on the hill" ni juu ya kilima fulani kinachojulikana, "in the hills" ni huko milimani kwa jumla, mara nyingi mbali na mji. Ukimpa orodha ya visawe bila sentensi, hili hatalijua kamwe.

Maana za mafumbo nazo zina mtego. Jambo likienda "downhill", limeharibika. Kazi ya "uphill" ni ngumu. Sasa mwulize kijana wa baiskeli katika barabara ya Bugarama. Anateremka kuelekea Bujumbura akiwa na mikungu ya ndizi nyuma yake, kasi inatisha, na hapo ndipo riziki ilipo. Akirudi, hushika nyuma ya lori na kuvutwa hadi juu. Kwake yeye mteremko ndio kazi, mpando ni wa dereva. Mfano huu hufundisha nahau vizuri kuliko tafsiri, kwa sababu mwanafunzi anaona kwamba Mwingereza alikuwa akiwaza miguu yake mwenyewe.

Nirudi kwenye anwani. Kirundi husema umusozi, Kifaransa "colline", na wengi wetu tunasema kolini. Hicho ndicho kitengo cha chini cha utawala, chini ya mkoa, tarafa na zoni, chenye baraza la watu 5 wa kuchaguliwa. Mfasiri akiandika "village" anampa msomaji picha ya nyumba zilizosongamana, ilhali kwa desturi ingo za Warundi zimetawanyika, kila moja katikati ya shamba lake. Akiandika "hill" peke yake, mtu wa London atashangaa kilima kinapigaje kura.

Chukueni jina Nyarusange. Liko Gitega, na hakuna kinachozuia kilima kingine kuitwa hivyo. Na ngazi za juu zimebadilika: mageuzi ya mwaka 2025 yamepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, na Muyinga, kwa mfano, sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Anayeandika "Nyarusange Hill" bila kutaja tarafa na mkoa hajamwelekeza mtu popote.

Mimi ningeiacha "colline" ndani ya sentensi ya Kiingereza, na kuifafanua mara moja tu inapotajwa kwanza. Kwa zoezi la leo, kila mmoja achukue karatasi aandike anakotoka kwa Kiingereza, sentensi moja, akianza na "I live on". Kisha ampe jirani yake aone kama angefika.