Onyo Lisilomfikia Mfugaji



Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Maradhi nayo yana dalili zake, na ni haki ya kila mtu kuzijua mapema.

Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa na wataalamu mwaka 1931 huko Naivasha, Kenya. Mayai ya mbu waienezao huweza kukaa miaka mingi katika udongo mkavu. Mafuriko yakija, huanguliwa. Mifugo hutupa mimba na kufa, na binadamu huambukizwa kwa kushika damu au nyama ya mnyama mgonjwa, ama kwa kuumwa na mbu.

Baada ya mlipuko wa mwaka 1997 na 1998 uliofuata mvua za El Nino, wataalamu walijifunza kuutabiri. Hupima joto la bahari, mvua, na ukijani wa nchi uonekanao kwa satelaiti, kisha huonyesha katika ramani mahali penye hatari. Septemba 2006 ramani hizo ziliitaja Pembe ya Afrika. Novemba, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa onyo. Desemba ugonjwa ulithibitishwa Garissa. Lakini chanjo ya mifugo, ambayo hufaa kabla ya mlipuko, ilianza Januari 2007, watu wakiwa wamekwisha kufa. Kenya ilipoteza watu zaidi ya 150, na Tanzania zaidi ya 100.

Ndugu, utabiri haukukosea. Kilichochelewa ni mikono yetu. Tena, uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya walikwisha kuona mafuriko, mbu wengi na mifugo iliyougua, wakatambua hatari. Lakini hatua zilichelewa.

Kwa hiyo tunasema: ramani isiyomfikia mfugaji ni nusu ya kazi, na neno la mfugaji lisilofika wilayani ni nusu ya pili iliyopotea. Viongozi wa jumuiya, ulizeni ofisi ya mifugo: onyo likija, nani ataambiwa, na kwa njia gani? Mifugo ikitupa mimba kwa wingi wakati wa mafuriko, toeni taarifa siku hiyo hiyo, na nyama yake isiliwe.

Kujua na kunyamaza, hali jirani yu hatarini, si haki.