Fumbo la Maziwa: Triptofani, Mahindi na Pelagra



Nianze na shingo. Mgonjwa wa pelagra ngozi yake hukakamaa na kuwa nyeusi yenye magamba pale jua linapopiga: migongo ya mikono, miguu, na kuizunguka shingo mithili ya mkufu. Ndio mkufu wa Casal, kwa jina la daktari wa Kihispania aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1735 miongoni mwa wakulima maskini wa Asturias. Kwetu zahanati unaweza kupita hivi hivi. Mgonjwa hupewa dawa ya fangasi, akarudi anaharisha, na safari ya tatu huletwa na ndugu wanaosema kapandisha mashetani. Ngozi, tumbo, akili, kisha kaburi.

Vitabu vinatufundisha kwamba pelagra ni upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Ni kweli, ila ukiishia hapo maziwa yatakuumbua. Joseph Goldberger, aliyetumwa na serikali ya Marekani mwaka 1914 kuchunguza pelagra iliyokuwa ikiua watu majimbo ya kusini, aligundua kwamba hospitalini wagonjwa wa akili waliugua lakini wahudumu wao hawakuugua. Ugonjwa gani wa kuambukiza unaochagua hivyo? Akawalisha wafungwa wa Mississippi waliojitolea chakula cha mahindi na wanga mtupu, baadhi wakaugua. Wapinzani wakang'ang'ania kwamba ni vijidudu. Mwaka 1916 yeye, mkewe Mary na wenzao wakadungwa damu ya wagonjwa, na baadhi yao wakameza hata magamba ya vidonda. Hakuna aliyepata pelagra. Alifariki mwaka 1929 akijua kwamba maziwa, nyama na mayai vinaponya, bila kujua ni kitu gani ndani yake. Niasini ilipotambuliwa kuwa tiba mwaka 1937, fumbo likazidi: maziwa yana niasini kidogo sana. Yanaponyaje?

Jibu lilitoka Wisconsin mwaka 1945, kwa panya. Triptofani, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, iliwafaa panya hao badala ya niasini. Kwa makadirio tunayotumia hadi leo, miligramu 60 za triptofani huzaa miligramu 1 ya niasini. Maziwa yana triptofani ya kutosha. Mahindi yanayo kidogo mno, na niasini yake imefungwa kiasi kwamba tumbo haliipati vizuri. Watu wa Meksiko ya kale walioyachemsha kwa chokaa waliifungua niasini hiyo; mahindi yalipovuka bahari, ujuzi wa chokaa ukabaki kwao. Nasi tumeongeza kosa letu: kiini ndicho sehemu ya punje ya hindi yenye triptofani zaidi kwa uzito wake, na sembe tunayoisifia weupe ni punje iliyovuliwa kiini.

Sasa tuifuate triptofani mwilini. Mbali na ile inayojenga protini, takriban asilimia 95 ya inayovunjwa hupita njia ya kinurenini, na niasini hupatikana mwishoni. Sehemu ndogo huwa serotonini, ambayo nyingi iko utumbo wala si ubongo, kisha melatonini ya usingizi. Njia ya kinurenini ina vizuizi vyake, na hapa naomba matabibu wa kifua kikuu wanisikilize. Kimojawapo cha vimeng'enya vyake hakifanyi kazi bila vitamini B6, na isoniazidi huinasa vitamini hiyo. Tunampa mgonjwa B6 tukihofia ganzi ya miguu, lakini shingo hatuiangalii. Kuna pia uvimbe adimu wa utumbo, kasinoidi, ambao huinyakua triptofani kutengeneza serotonini hadi niasini ikapungua.

Maambukizi nayo yana njia yake. Chembe za kinga huamsha kimeng'enya kinachoichoma triptofani ili kijidudu kikose chakula. Saratani imejifunza hila hiyo hiyo kuzilegeza chembe za kinga zinazoishambulia. Dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho ilitumainiwa sana, lakini mwaka 2018 jaribio kubwa kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi halikuonyesha faida.

Msiondoke hapa mkaandikia watu vidonge vya triptofani ili walale au wachangamke. Mwaka 1989 vidonge vya namna hiyo, vilivyochafuka kiwandani, viliwaumiza Wamarekani zaidi ya 1,500, na makumi wakafa. Maharage, karanga, dagaa na maziwa havina kisa hicho. Karanga hasa: mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipokosa karanga kwenye mgao wao wa mahindi, zaidi ya 18,000 walipata pelagra.

Kwa kazi ya vikundi baada ya chai nimewaandalia wagonjwa watatu wa kubuni wenye mkufu uleule: mama anayeishi kwa ugali na mchicha, kijana aliye mwezi wa nne wa isoniazidi, na mzee mnene kiasi anayekula nyama kila siku, ila anaharisha na uso wake unawiva ghafla. Kila kikundi kiniambie triptofani imepotelea wapi, na utamuuliza mgonjwa swali gani kabla hujashika kalamu ya kuandika dawa.