Tutengeneze njia kabla ya siku ya kukimbia

Masomo: Hesabu 35:9-15, Kumbukumbu la Torati 19:1-3, Matendo ya Mitume 11:27-30

 

Leo tunasema juu ya jambo ambalo Goma yote inalijua, lakini kanisani tunaligusa kidogo sana. Siku mji utakapopaswa kuhama, tutaenda wapi? Tutakwenda na nani? Na nani atatupokea?

Tunakumbuka jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021. Mbingu juu ya Nyiragongo ziligeuka nyekundu. Watu hawakungoja amri. Wengine walishika njia ya Gisenyi, wengine ya Sake. Mama huku, baba kule, watoto katikati. Moto ulisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, nasi tulimshukuru Mungu. Lakini tuangalie hesabu moja. Katika wafu 15 wa kwanza waliotangazwa na serikali, 9 walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia. Moto haukuwafikia. Na watoto zaidi ya mia walipotezana na wazazi wao usiku ule.

Ardhi iliendelea kutetemeka. Tarehe 27 Mei mkuu wa jimbo alitangaza kwamba kartie 10 za mji zihame, zielekee Sake. Mamia ya maelfu ya watu walitoka. Barabara ilijaa magari, pikipiki, chukudu, na wamama wenye godoro kichwani na mtoto mgongoni. Sake ni mji mdogo. Watu walilala katika masomo, makanisani na barazani kwa watu. Maji safi yalikosekana, na hofu ya kipindupindu ikaja.

Na kanisa letu je? Tuseme ukweli mbele za Mungu. Tulikuwa na daftari la zaka na daftari la wanakwaya. Hatukuwa na daftari la wazee wasioweza kutembea. Mama mzee mmoja wa kwetu alibaki peke yake nyumbani siku mbili, kwa sababu kila seli ilidhani seli nyingine imemchukua. Alitolewa na jirani asiye wa kanisa letu, akamsukuma juu ya chukudu mpaka njia ya Sake. Mama yule alituuliza swali moja tu: "Wanangu, mlinisahau?" Hatukuwa na jibu.

Sasa tufungue Neno. Mungu aliwaagiza Israeli watenge miji sita ya makimbilio. Ni kweli, miji ile ilikuwa ya mtu aliyeua bila kukusudia, haikuwa ya kukimbia mlima wa moto. Lakini tutazame jinsi Mungu alivyoipanga.

Kwanza, aliipanga mapema, kabla mtu yeyote hajaanza kukimbia. Pili, aliigawa: mitatu upande huu wa Yordani, mitatu upande ule, ili asiwepo mtu wa kufia njiani kwa sababu ya umbali. Tatu, aliagiza njia itengenezwe. Makimbilio bila njia hayamsaidii mtu. Nne, mlango ulikuwa wazi hata kwa mgeni anayekaa kati yao. Hakuna aliyeulizwa kabila kabla ya kuingia.

Wengine watasema: "Sisi tumeokoka, tuna imani. Kupanga kukimbia ni kukosa imani." Ndugu zetu, tusome Matendo 11. Agabo alisema kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Waumini wa Antiokia walifanya nini? Walikata shauri, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, wakatuma msaada kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Walipewa unabii, wakafanya bajeti. Roho Mtakatifu ndiye aliyewapa moyo wa kupanga.

Tena tuonyane: ndoto isiyopimwa isitangazwe usiku katika simu, watu wakaamka na kukanyagana. Tangazo la kuhama tulisikilize kutoka kwa wakubwa wa mji na wataalamu wanaochunguza volkano.

Basi tufanye nini? Serikali ina sehemu yake: magari, barabara, maji, ulinzi. Kanisa lina sehemu ambayo hakuna ofisi inayoweza kuifanya: sisi tunajua nani anakaa wapi.

Kila seli iandike majina ya wazee, wagonjwa, wamama wenye mimba na wajane wa avenyu yake, hata wasio wa kanisa letu. Kando ya kila jina liandikwe jina la kijana atakayembeba. Na kijana huyo aende kumwona mzee wake wiki hii, wajuane.

Kila familia ichague mahali pa kukutana ikitawanyika, na iwe na njia mbili. Kwetu njia moja inaweza kufungwa na moto, nyingine na vita. Mtoto mdogo ashonewe ndani ya nguo jina lake na namba ya simu ya mzazi. Kadi ya uchaguzi, dawa na bidon ndogo ya maji vikae pamoja karibu na mlango.

Wachungaji wetu waongee sasa na makanisa ya Sake, Minova na Rutshuru: mtapokea watu wangapi? Vyoo vipo? Maji yatatoka wapi? Maji ya ziwa yasinywewe bila dawa. Na tusiwalaze watoto katika mashimo na mabonde: mazuku haina harufu, inaua mtu akiwa usingizini. Wenyeji wanajua mahali pake, tuwaulize.

Mwisho, mtu asirudi kupita juu ya mawe ya moto yanayoonekana yamepoa. Hewa yake inaua. Mwaka 2021 tulizika watu kwa sababu hiyo.

Wapendwa, Nyiragongo ilitoka 1977, ikatoka 2002, ikatoka 2021. Hatujui siku, lakini mzee wetu tunamjua, na nyumba yake tunaijua.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa wale tuliowasahau. Tupe macho ya kuwaona kabla ya siku ya taabu, na mikono ya kuwabeba siku hiyo. Linda mji wetu, na miji itakayotupokea uijalie maji, amani na moyo mkubwa. Katika jina la Yesu. Amina.