Sabuni ya Nyumbani: Pima, Usikisie

 

Leo tuweke jembe chini kidogo. Mavuno yamekwishaingia ghalani, kazi za shamba zimepungua, na jioni mtu anapata nafasi ya kukaa uani akafanya kazi ndogo ya mikono. Basi nataka tuzungumze juu ya kazi moja ya namna hiyo, yaani kutengeneza sabuni nyumbani kwako mwenyewe.

Pengine mwenzangu utasema, "Sabuni ya nini, nayo imejaa madukani?" Ni kweli, siku hizi imejaa. Lakini sisi tuliokula chumvi nyingi tunakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, nchi haikuwa na fedha za kigeni, na sabuni ikawa kitu cha kupangia foleni. Kuna waliofulia majani ya mpapai. Siku zile ndipo nilipojifunza kazi hii, kwa sababu ya shida. Leo naifanya kwa kupenda tu, na mafuta ninayotumia ni ya kwetu.

Sasa, sabuni ni nini? Sabuni ni mafuta, maji, na magadi makali yanayoitwa kostiki soda. Vitu hivi vikichanganywa kwa kipimo chake, mafuta hayabaki mafuta wala kostiki haibaki kostiki. Vyote vinageuka kuwa sabuni. Lakini kostiki ikizidi, ile iliyozidi inabaki mle mle ndani ya kipande na kuchubua ngozi. Mafuta nayo yakizidi mno, sabuni inakuwa laini, inanata, na baada ya muda inachacha.

Sabuni yangu ya kwanza nilipima kostiki kwa kikombe cha chai. Aliyenifundisha aliniambia, "Weka kikombe kimoja, ukiona haigandi, ongeza." Nikaongeza. Ikaganda kweli, nyeupe, ngumu kama jiwe, nami nikajiona fundi. Mke wangu akafulia shuka mbili tu. Jioni ngozi ya vidole vyake ilikuwa inabambuka, na kwa siku kadhaa hakuweza kushika mpini wa jembe. Sabuni yote nikaifukia shimoni. Tangu siku hiyo kikombe nakitumia kwa chai tu. Sabuni naipima kwa mizani.

Basi tuanze na mafuta. Tumia yale yanayopatikana kwenu. Ndugu zetu wa Kigoma na Kyela wana mawese, ambayo hutoa sabuni ngumu isiyokwisha upesi, ila povu lake ni dogo. Wa Tanga, Mafia na Zanzibar wana mafuta ya nazi. Hayo yana povu jingi, tena hata maji ya kisima yenye chumvi hayalishindi, lakini yakitumika peke yake hukausha ngozi. Wafugaji wana shahamu ya ng'ombe. Iyeyusheni, ichujeni vizuri, nayo itatoa sabuni ngumu. Alizeti peke yake hutoa sabuni laini, kwa hiyo ichanganywe na mafuta mengine.

Vipimo ni hivi, tafadhali viandike. Kilo 1 ya mawese inataka gramu 130 za kostiki. Kilo 1 ya shahamu ya ng'ombe, gramu 130 vilevile. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inataka gramu 170. Unaona tofauti? Ndiyo maana kikombe hakifai. Kila mafuta yana haki yake.

Mimi napenda kuchanganya gramu 700 za mawese na gramu 300 za nazi. Hapo kostiki ni gramu 140 na maji safi ni gramu 350. Vipimo hivi vimeacha mafuta kidogo yabaki, ili ngozi isiumie. Usiongeze kostiki kwa kuona sabuni inachelewa kuganda. Ni mizani ndogo tu inayotakiwa, ile inayoonyesha gramu. Familia tatu au nne mnaweza kuchanga mkanunua moja.

Kabla hujafungua hiyo kostiki, nisikilize vizuri hapa.

Katika kijiji nilichowahi kuishi, baba mmoja alibakiza maji ya kostiki. Hakutaka kuyamwaga, maana alikuwa ameinunua kwa fedha. Akayatia katika chupa ya soda, akaisukuma chini ya kitanda. Mtoto wake wa miaka minne akaiona. Mtoto akiona chupa ya soda anaona soda, si ndiyo? Alikunywa funda moja tu. Hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini koo liliungua, na lilipopona likaziba kidogo kidogo kwa makovu. Kwa muda mrefu alikuwa mtu wa uji mwepesi, na mama yake alikuwa mtu wa kwenda na kurudi hospitali. Baba yule hakutengeneza sabuni tena, na mimi sikupata neno la kumwambia.

Kwa hiyo kostiki ikae katika chombo chake yenyewe, chenye kifuniko kinachobana, kimeandikwa SUMU, ndani ya sanduku lenye kufuli. Isitiwe kamwe katika chupa ya soda, ya maji wala ya mafuta ya kula. Pima ile utakayoitumia siku hiyo hiyo, usiache maji yake yakalala. Siku ya kazi watoto wapelekwe kwa bibi yao au kwa jirani, na kuku na mbuzi wafungiwe.

Ikimrukia mtu mwilini, vua nguo iliyolowa na umwoshe kwa maji mengi yanayotiririka. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi kwa dakika 20 bila kupumzika, kisha nenda hospitali. Mtu akiimeza, asitapishwe, maana ikirudi itaunguza koo mara ya pili. Asukutue kinywa, akimbizwe hospitali.

Vyombo navyo vina mambo yake. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini, ikatoka hewa inayoweza kuwaka moto. Usiitumie! Tumia ndoo ya plastiki ngumu, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Mwiko uwe wa mti. Na vyombo vya sabuni visirudi tena kupikia ugali.

Haya, tuingie kazini. Vaa glavu za mpira, miwani, nguo ya mikono mirefu na viatu vya kufunika. Kaa nje, upepo ukutokee mgongoni.

Kwanza, tia yale maji gramu 350 katika ndoo. Mimina kostiki kidogo kidogo ndani ya maji, huku ukikoroga. Kostiki ndiyo iingie katika maji. Usimwage maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Maji yatapata moto yenyewe ingawa hakuna jiko, na mvuke utatoka. Usiuvute. Yaache yapoe mpaka ndoo ukiigusa kwa nje iwe vuguvugu. Usiondoke pale.

Pili, yeyusha mafuta, nayo yapoe yawe vuguvugu.

Tatu, mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta kwa mchirizi mwembamba, ukikoroga polepole bila kuacha. Hapa ndipo penye kuhitaji subira. Kwa mkono unaweza kukoroga nusu saa, hata saa nzima na zaidi. Pokezaneni, mkipiga hadithi. Mchanganyiko utaanza kuwa mzito kama uji. Nyanyua mwiko. Tone likidondoka na kuacha alama juu yake bila kuzama, sabuni imekubali.

Nne, mimina katika boksi la mbao ulilolitandika nailoni nene. Funika kwa ubao, kisha gunia, ili joto lisitoke upesi. Weka mahali ambapo mtoto hafiki, kwa kuwa bado ni kali.

Baada ya siku moja au mbili ikishikana, ikate ukiwa umevaa glavu. Mchanganyiko wetu utakupa kama vipande 12. Vipange kivulini penye upepo, visigusane, uvigeuze mara kwa mara. Viache wiki 4. Najua mtu atataka kuoga nayo kesho yake! Ngoja. Wiki hizo sabuni inakomaa, maji yanapungua, nayo inakuwa ngumu isiyoyeyuka ovyo. Ukikata kipande ukaona vidonge vyeupe vikali ndani, au majimaji yanayotoka, hiyo usiitumie.

Kama baadaye utapenda kuuza, hilo ni jambo jingine lenye taratibu zake. Waone wataalamu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, na uulize habari ya ubora kwa TBS. Lakini kwa ajili ya nyumba yako, na kipande kimoja cha kumzawadia shemeji akija kutembea, hayo niliyoyasema yanatosha.

Basi tukumbushane kabla hatujaagana. Pima kwa mizani, usikisie. Kostiki iingie katika maji. Usitumie alumini. Ngoja wiki 4. Na jioni hii hii, hata kama huna nia ya kutengeneza sabuni, hebu inama uangalie chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Ukikuta chupa ya soda yenye kostiki, dawa ya pamba au mafuta ya taa, usingoje kesho. Iondoe, uifungie.

Kwa leo niishie hapo. Nawatakia kazi njema na mikono safi. Kwaherini.